Kitu A Kisitupwe

3 Machi

Kwa wanafunzi wangu wote wa darasa la mtandaoni, wenye miaka minane hadi kumi,

Hiki ndicho kifurushi cha tatu. Kabla hamjakipasua kwa meno kama kawaida yenu, mwiteni mkubwa mmoja wa nyumbani akae karibu. Ndani mna rula, kipimajoto, lenzi ya mkono, saa ya kuhesabia sekunde na daftari jembamba la kurasa thelathini. Siki na magadi ni vya darasa la Alhamisi. Asiyeweza kungoja ataichafua meza ya mama yake, na mimi sitamtetea.

Kazi ni hii. Chagua kitu kimoja hapo nyumbani. Kichunguze siku ishirini na moja, kila siku saa ileile. Kiite Kitu A na usiniambie ni nini, maana nikijua nitaanza kusoma ninachokitarajia. Nitakisia mwenyewe. Andika ulichokiona, si ulichotaka kukiona. Ukikosea usifute: pitisha mstari mmoja tu juu ya kosa ili lisomeke. Kitu kisichoonyesha mabadiliko kwa siku kumi na nne, kitupe, uanze na kingine.

Kurasa zenu nitumieni kwa posta, kwenye bahasha nilizozibandika stempu. Najua mtalalamika kuwa tunaonana kwenye kioo kila Jumanne na Alhamisi. Lakini kwenye kioo mnanionyesha ukurasa mzuri mmoja kisha mnaukwepesha upesi. Kwenye karatasi naona mpaka mahali kifutio kilipopita.

Mwalimu wenu wa Vifurushi


13 Machi

Shikamoo Mwalimu,

Mimi ni Sisimizi, yule ambaye kamera yake huwa imezimwa. Nipo na ninasikia. Siki yangu ilifoka vizuri na haikuchafua meza ya mtu yeyote.

Hizi ni siku saba za kwanza za Kitu A. Napima saa kumi jioni.

Siku ya 1. Kitu A kiko karibu na dirisha, sentimita 64. Joto la chumba 24. Joto la chini yake 31. Hakikusogea. Sauti: hakuna.

Siku ya 2. Sentimita 64. Chumba 24, chini yake 31. Hakikusogea. Sauti: mara moja, fupi.

Siku ya 3. Kama jana. Nimekitazama kwa lenzi kwa pembeni. Kina vumbi begani.

Siku ya 4, ya 5 na ya 6. Kama siku ya 3. Naomba samahani kwa kuziweka pamoja, ila hakukuwa na cha kutenganisha.

Siku ya 7. Sentimita 64. Nilifungua pazia ili mwanga ukifikie. Hakikusogea.

Nina swali. Ulisema kila jaribio liwe na kilinganishi, yaani kitu kingine cha aina hiyohiyo ambacho hakikuguswa. Kitu A kipo kimoja tu hapa nyumbani. Nilinganishe na nini?

Mwanafunzi wako,
Sisimizi


17 Machi

Mpendwa Sisimizi,

Marahaba. Wenzako wamenitumia kurasa zenye michoro ya maua pembeni na vipimo viwili. Wewe hukuchora hata ua moja na umepima kila kitu mpaka vumbi. Nimefurahi.

Swali lako ni la mtu mzima. Ukiwa na kimoja tu, kilinganishe na chenyewe jana. Huna haja ya kingine.

Sasa nikisie. Kina joto chini, kinatoa sauti fupi mara mojamoja na hakisogei. Mama yako alipokuandikisha aliniambia baba yako ni fundi wa friji. Basi Kitu A ni friji mbovu ya mteja, imechomekwa kwenye umeme na haigandishi. Nimepata? Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu, ila kwa friji mbovu mshindo huo unaweza kuchukua miaka. Ikifika siku ya kumi na nne na hakuna jipya, usipoteze muda. Mwambie baba yako akiondoe hapo. Wewe tafuta msumari, utie majini, uone kutu inavyoingia. Wala usisikitike, kitu kibovu hakikosi pa kwenda.

Msalimie mama.

Mwalimu wa Vifurushi


24 Machi

Shikamoo Mwalimu,

Kitu A kimeanza kubadilika. Naomba kisitupwe.

Siku ya 8 mpaka ya 14 hakikusogea, sentimita 64. Lakini siku ya 15 kimesogea sentimita 20. Siku ya 16 kimesogea 40. Siku ya 17 kimesogea 60. Siku ya 18 kimesogea 80. Joto linaendelea vizuri. Sauti ni nyingi sana na za furaha.

Msumari sitauhitaji, asante. Nimeuweka kwenye kisanduku.

Nakuuliza tena kuhusu ile sheria ya siku kumi na nne. Je, mtu mwingine akisoma daftari, kwa mfano mgeni, naye anaruhusiwa kutupa? Au ni mwenye daftari peke yake?

Sisimizi


27 Machi

Mpendwa Sisimizi,

Nakaa jikoni kwangu, mbele yangu mitungi arobaini na mitatu ya vifaa, na ukurasa wako nimeuegemeza kwenye mtungi wa chumvi. Nimeutazama tangu asubuhi.

Ishirini, arobaini, sitini, themanini. Mwanangu, vitu vya kweli havitembei hivyo. Kitu cha kweli kingesogea kumi na saba, kesho yake kisisogee kabisa, kesho kutwa kirudi nyuma viwili. Umeandika namba kama mtu anayepanda ngazi. Na hujaandika joto. Wewe, uliyepima vumbi!

Njia ya mwongo ni fupi, lakini sikuandikii kukugombeza. Watoto hunidanganya kila wiki. Hunidanganya wakiwa wavivu, na wewe si mvivu. Kwa hiyo kuna jambo. Nimevunja sheria yangu mwenyewe na nakuuliza: Kitu A ni nini?

Nakurudishia ukurasa wako. Usiuchane. Mstari mmoja juu ya kosa, na ukweli uandike pembeni.

Mwalimu


31 Machi

Shikamoo Mwalimu,

Kitu A ni Baba.

Mama alifariki mwezi wa Novemba. Najua hukujua, kwa sababu unamsalimia. Ni Mama aliyekuwa akinifundisha hapa nyumbani, hesabu asubuhi na kusoma mchana. Sayansi alikuachia wewe kwa sababu alisema harufu ya siki inamtia kichefuchefu. Alikuwa amejaza fomu ya mwaka mzima, ndiyo maana vifurushi vinaendelea kuja.

Baba anakaa kwenye kiti karibu na dirisha, kwenye chumba cha mbele, pamoja na friji saba za watu. Wenyewe wakibisha hodi hafungui. Anainuka kwenda msalani, dakika nne, ndipo napima joto la kiti. Hanigombezi. Hajanigombeza tangu Novemba, hata nilipovunja birika. Nikimuuliza kitu anasema "eeh". Hiyo ndiyo ile sauti fupi.

Shangazi anakuja tarehe kumi na mbili Aprili. Alisema kwenye simu, nami nilisikia, "Nikikuta hakuna mabadiliko namchukua mtoto, akasome shule kama wenzake." Shangazi si mbaya. Nyumba yake ni safi na anapika kwa wakati. Lakini nikiondoka nani atapima? Barua yako ilipokuja ikasema kitupwe, niliificha ndani ya friji ya tatu, kwa sababu Baba hafungui friji tena. Halafu nikaandika zile namba. Nilitaka Shangazi akifika azikute.

Nimepitisha mistari. Ukweli ni huu. Siku ya 15, sentimita 64. Siku ya 16, sentimita 64. Siku ya 17, sentimita 64, lakini alinyanyua mkono akazima kengele ya simu. Sikujua kama mkono unahesabiwa. Siku ya 18, sentimita 64.

Mimi sisikii vibaya, Mwalimu, usihuzunike. Nasikia kama mguu ukiukalia kwa muda mrefu. Uko hapo, ni wako, lakini ukiufinya ni kama wa mtu mwingine.

Sisimizi


2 Aprili

Mwanangu Sisimizi,

Nilikosea, na kosa langu nalipitishia mstari mmoja ili ulione. Ile sheria ya siku kumi na nne niliitunga kwa ajili ya mkate. Mwaka juzi mtoto mmoja aliacha kipande cha mkate kikaota ukungu mpaka nyumba nzima ikakohoa. Ni sheria ya mkate tu. Si ya watu, na mgeni yeyote haruhusiwi kuitumia.

Mkono unahesabiwa. Uandike.

Jana baada ya darasa nilikuuliza kama naweza kumwandikia baba yako, ukajibu "sawa" bila kuwasha kamera. Basi nimemwandikia. Kuhusu Shangazi sitakuambia la kufanya, kwa sababu sijui. Najua tu kwamba daftari lako sasa ni la kweli na zile namba za ngazi hazikuwa. Kama itabidi uhame, niandikie anwani mpya, vifurushi vikufuate.

Pole, mwanangu. Nilipaswa kuisema kwanza.

Mwalimu


2 Aprili

Kwako Baba Sisimizi,

Hatujawahi kuzungumza. Mimi ndiye mwalimu wa sayansi wa binti yako. Pole kwa msiba wa mkeo. Nimechelewa miezi mitano, ila sikuambiwa.

Nilimpa binti yako kazi ya kuchunguza kitu kimoja nyumbani kwa siku ishirini na moja. Amekuchagua wewe. Nimeambatanisha nakala ya kurasa zake, kwa ruhusa yake, pamoja na zile alizodanganya na akasahihisha. Anaogopa kwamba dada yako atamchukua. Ameogopa peke yake kwa muda mrefu, na mimi nikamwongezea bila kujua.

Sikupi ushauri wa moyo, si kazi yangu na sijui. Kazi ninayoijua ni moja. Ndani ya bahasha kuna rula na ukurasa mtupu. Chagua kitu kimoja nyumbani, kiite Kitu B, kipime siku saba saa ileile. Andika ulichokiona tu.

Mwalimu wa Vifurushi


5 Aprili

Mwalimu,

Barua nimeipata. Nimesoma na kurasa za mtoto. Nimezisoma mara tatu nikingoja zinichome. Hazikunichoma. Nasema hivi kwa sababu umetaka ukweli.

Mimi si mgonjwa. Watu walikuja Novemba, wakakaa, wakaondoka. Mimi nilikaa pamoja nao, na walipoondoka sikuona sababu ya kuinuka. Hakuna kinachouma. Njaa naijua kwa kutazama saa. Nikisikia hodi najua ni mwenye friji, najua na ubovu wa friji yake, nyingine ni waya tu wa dakika kumi. Halafu nasikia hatua zake zikiondoka.

Mtoto yuko salama. Anakula. Ni mtoto mtulivu.

Rula nimeiweka juu ya friji. Usinitarajie.

Fundi


14 Aprili

Mwalimu,

Rula ilianguka tarehe sita na mimi ndiye niliyekuwa karibu. Ndivyo ilivyoanza. Nakutumia ukurasa wako.

Siku ya 1. Kitu B kilikuja saa kumi kamili. Kilisimama mlangoni na daftari, kikanipima. Kinashika kalamu kwa mkono wa kushoto. Sikumbuki kama nilikuwa najua.

Siku ya 2. Kitu B kilikaanga mayai mawili, kikaleta moja na nusu kwenye sahani yangu. Nilidhani ni mimi ninayepika humu ndani. Nimejaribu kukumbuka mara ya mwisho nimewasha jiko. Sikupata.

Siku ya 3. Viatu. Nilibonyeza mbele kwa kidole gumba, kama mama yake alivyokuwa akifanya dukani. Vidole vimegota mbele. Nafasi iliyobaki: sifuri. Nilimuuliza tangu lini. Akasema, "Tangu Januari, lakini havinisumbui, Baba."

Siku ya 4. Urefu. Kwenye fremu ya mlango kuna alama ambazo mama yake alikuwa akimpimia. Ya mwisho ni ya Oktoba, sentimita 127. Nilimsimamisha. Ni 130. Sentimita tatu zimeota mimi nikiwa nimekaa hapo, hatua nne kutoka mlangoni, na uso nimeuelekeza mlangoni.

Siku ya 5. Sikuandika. Sikuweza.

Siku ya 6. Saa kumi mtoto hakuja kupima. Nilingoja. Saa kumi na dakika sita alikuja. Dakika hizo sita nilizisikia zote.

Siku ya 7. Dada yangu amefika. Nilijua mtoto atamficha lile daftari. Hakulificha. Alimpa mkononi. Dada akauliza, "Hii mistari ya nini?" Mtoto akasema, "Hapo nilidanganya ili usinichukue. Ukweli uko pembeni." Dada akasoma mpaka mwisho. Kisha akanigeukia: "Na wewe, mdogo wangu, una la kusema?" Nikampa ukurasa huu.

Akatafuta miwani, akausoma. Akasema, "Mtoto anabanwa na viatu miezi mitatu na baba yupo ndani." Hakupaza sauti. Amesema atakaa mpaka Jumatano, kisha atafunga begi la mtoto. Maji yaliyomwagika hayazoleki, anasema, lakini yaliyobaki kwenye ndoo yanabebeka.

Kwa hiyo ukurasa wako umempa dada sababu ya kumchukua. Sikulaumu. Ni kweli tupu, na mwandiko ni wangu. Ila kuna jambo moja ambalo halikuwa la kuona wala kupima, na sikujua niliweke wapi. Nataka mtoto abaki.

Nimeliandika hapa kwako kwa sababu ndani ya nyumba bado halijatoka mdomoni.

Fundi


17 Aprili

Shikamoo Mwalimu,

Kurasa zilikwisha siku ya 30, tangu hapo naandika pembeni kwa herufi ndogo. Usome na lenzi.

Siku ya 42, jana Jumatano. Shangazi alifunga begi langu tangu asubuhi. Mabegi mawili yalikuwa mlangoni, lake na langu. Saa kumi ilipofika nilikwenda kupima kama kawaida.

Kitu A hakikuwepo kwenye kiti. Nilitaka kulia lakini ilikuwa saa kumi, nikapima kwanza. Chumba 24. Kiti 24. Nikaelewa kwamba ameondoka muda mrefu, kwa sababu kiti huchukua muda kupoa. Nikatazama chini ya meza, nikatazama msalani. Halafu nikasikia mlio ukumbini. Ilikuwa ni friji ya tatu, ya yule mama mshonaji wa ng'ambo ya barabara. Baba alikuwa ameivuta mpaka huko. Alikuwa amelala chini nyuma yake, miguu tu ndiyo inaonekana, na friji ilikuwa inanguruma.

Akatoka. Mikono ilikuwa myeusi. Kwa kuwa alikuwa ameifungua, alikuwa ameipata barua yako ya msumari. Akaninyooshea. Akasema, "Mwalimu wako mkali. Kumbe nilikuwa natupwa." Nadhani mdomo wake ulisogea upande mmoja, lakini rula ilikuwa chumbani, kwa hiyo siwezi kuandika kiasi gani.

Shangazi alikuwa amesimama na begi langu mkononi. Baba akamwambia, "Dada, niachie mtoto." Shangazi akamuuliza, "Utaweza?" Baba akasema, "Sijui." Shangazi akakaa juu ya begi langu, akaangalia sakafu, akasema kwamba hilo ndilo jibu lake la kwanza tangu Novemba ambalo si "eeh".

Nilipima sauti za siku hiyo: maneno kumi na moja na zaidi, kisha nikapoteza hesabu.

Kabla ya kupanda basi Shangazi alinipeleka dukani. Viatu vipya vina nafasi ya sentimita moja na nusu mbele. Amesema atapiga simu kila siku saa kumi na moja na mimi nimsomee daftari, kurasa zenye mistari na zisizo na mistari, na mwezi ujao atakuja kuona mwenyewe. Hajaahidi kitu.

Jana hiyohiyo Baba alirudi kwenye kiti. Nilipima tena saa kumi na mbili: 29. Leo saa kumi alikuwa kwenye kiti pia. Sentimita 64. Nilimuuliza kama friji ya nne ni waya tu. Akasema, "Eeh." Nikangoja. Akasema, "Waya na gesi."

Nimemlinganisha na yeye mwenyewe jana, kama ulivyosema. Leo ni chini ya jana. Lakini nimemlinganisha pia na siku ya 1, na hapo ni juu. Sijui ipi ndiyo sahihi, kwa hiyo nimeandika zote mbili.

Ule mguu niliokuandikia umeanza kupata ganzi ile ya mwisho, inayochoma. Nililia kidogo leo nikiosha vyombo, bila sababu.

Tafadhali nitumie daftari jingine. Anwani ni ileile.

Mwanafunzi wako,
Sisimizi